Nilifuta uso wa afisa wa baharini wa Bi Rukia, halafu nikamtengenezea mwingine

Wakuu, salaam kwenu nyote, mliopo kazini na mnaojifanya mpo kazini.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo naumaliza. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea, hata yale yanayonidhalilisha mwenyewe. Kama umekuja kunywa chai, pole, hapa hatuuzi.

Mimi ni mtu wa picha. Nina kastudio kangu Kariakoo, ghorofa ya pili, jengo la zamani, chini wanauza mashuka na mapazia. Napiga passport size, natengeneza vitambulisho vya plastiki vya shule na maofisi, na narudishia picha za zamani. Ile picha ya babu yako iliyoliwa na mende, ikachanika, ikaingia maji, ukiniletea mimi unaondoka nayo babu anang'aa.

Mtaani wananiita Daktari. Na mimi nilikuwa nalipenda hilo jina, tena nalipenda mno. Likumbukeni.

Sasa kuna jambo moja la kazi lazima niwaeleze ndiyo mnielewe. Hapa Bongo kuna joto na unyevu. Picha ikikaa kwenye fremu miaka na miaka inagandana na kioo. Ukiivuta inachanika, sura inabaki kwenye kioo. Dawa yake fundi yeyote wa picha anaijua: unailowesha. Unachukua beseni, maji safi, unaitumbukiza picha pamoja na kioo chake, unaiacha mpaka iachie yenyewe. Nimelowesha picha za harusi, za mahafali, za marehemu. Haijawahi kunigomea.

Basi mwaka jana, wiki chache kabla ya Ramadhani kuingia, akapanda Bi Rukia.

Ni bibi wa palepale Kariakoo. Amezaliwa kwenye nyumba ya Kiswahili ambayo sasa imebanwa na maghorofa kila upande, kama kuku katikati ya ng'ombe. Asili ya ukoo wao ni kusini, Kilwa na bara yake huko. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Ngazi zangu alizipanda kwa kupapasa ukuta.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Daktari?"

Nikajibu ndiye, kifua mbele.

Akafungua kitambaa. Ndani yake kuna kasha la shaba, dogo, la mviringo kama yai, linaenea kiganjani. Kioo mbele, kioo nyuma. Katikati kuna picha ya mzungu. Si ya kupiga, ni ya kuchora kwa mkono, brashi yenyewe sijui ilikuwa na unywele mmoja. Koti la bluu, vifungo vya dhahabu, mapambo ya mabegani. Afisa wa jeshi la majini wa enzi hizo. Kioo kilikuwa kimeota ukungu kwa ndani, madoa madoa, mpaka usoni.

"Nataka uniondolee huo moshi," akasema. "Sijui ni moshi wa macho yangu au wa kwake. Mjukuu wangu Nuru anaolewa, lazima amwone."

Nikamuuliza huyu mzungu ni nani yenu. Wakuu, akakaa kwenye kile kistuli cha kupigia passport akanisimulia.

Mama wa bibi yake alikuwa mtoto mdogo, alichukuliwa kusini huko, akapakiwa kwenye chombo cha watumwa. Manowari ya Waingereza ikawakamata wale wafanyabiashara baharini. Watoto wakahamishiwa kwenye meli, huyu mtoto akawa analia, halali, hali. Afisa mmoja akatoa hii picha yake mfukoni akampa ashike. Mtoto akanyamaza. Siku wanashushwa pwani akataka kuirudisha, yule afisa akamfumba mkono.

"Labda alikuwa ampelekee mama yake," Bi Rukia akasema. "Kuna mama huko kwao hakuipata kwa sababu yetu."

Jina lake hawajawahi kulijua. Yule mtoto Kiingereza angekijulia wapi? Ila kila binti wa ule ukoo, siku anayoolewa, kabla hajatoka ndani, mkubwa wa nyumba anamwonyesha lile kasha na kumwambia: "Huyu jina hatunalo. Uso tunao. Na wewe sasa unao." Na binti anajibu, "Nimemwona." Basi. Wala hakuna kingine.

Akaongeza kitu ambacho mimi nilikipuuza, nikaona ni maneno ya wazee tu. "Ukimweka dirishani asubuhi, mashavu yanawaka."

Nilipolichukua kasha akanishika mkono. "Ila usimpige picha mwanangu. Hicho alichochorewa ni pembe ya ndovu. Mwanangu wa kiume yupo bandarini kwenye mambo ya kutoa mizigo, anasema pembe siku hizi ni kesi ya nyara za serikali. Usije ukamtia kwenye simu akasambaa, wakaja kunichukua."

Wakuu, kanuni yangu ya kwanza kazini ni kwamba kitu chochote cha mteja, kabla hujakigusa, unakiskani kwanza. Ukiharibu, una pa kurudia. Siku ile nikaivunja kwa sababu nilitaka kumheshimu bibi. Nikamwambia, "Ondoa shaka, mimi nasafisha tu."

Mimi nasafisha tu! Kinywa hiki hiki.

Kesho yake mchana nikalifungua kasha kwa wembe. Kile kibamba cha pembe kilikuwa chembamba kama kucha, na pembeni kimeng'ang'ania kioo, kuna karatasi imezungushiwa na gundi ya zamani. Nikajaribu kukinyanyua, wapi. Akili yangu ikaenda moja kwa moja kwenye beseni.

Najua kuna mjuaji hapa ataandika "si ulijua ni ya kuchora?" Nilijua bwana. Ila mimi michoro ninayoijua ni ile wanayouziwa watalii, rangi ya mafuta, unaifuta na kitambaa kibichi na inazidi kung'aa. Sikujua kama kuna watu walichora kwa rangi ya maji juu ya pembe. Nani angeniambia? Na ningemuuliza nani, wakati mimi ndiye Daktari?

Nikaweka maji, tone moja la sabuni ya vyombo, nikamtumbukiza. Nikashuka chini kunywa chai na mihogo. Kijiweni kulikuwa na ubishi wa mpira, mnajua wiki ya mechi ya watani wa jadi inavyokuwa. Nikakaa.

Niliporudi, kitu cha kwanza nilichokiona ni maji. Yalikuwa na rangi ya bluu hafifu, kama maji ya kusuuza shuka nyeupe zilizotiwa buluu.

Ngoja, kuna mteja wa passport.

Nimerudi. Samahani wakuu.

Nikaingiza mkono nikatoa kile kibamba. Cheupe. Kimejikunja pembeni kama chapati iliyosahaulika mezani. Zilibaki alama za penseli, mstari wa kidevu na wa bega, na kifungo kimoja cha dhahabu. Uso hakuna. Macho hakuna, mdomo hakuna, hakuna mtu.

Nilikaa chini sakafuni, mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Nikasema astaghafirullah mpaka ulimi ukakauka. Halafu nikainuka nikayamwaga yale maji kwenye karo. Sijui kwa nini niliyamwaga haraka vile, kama mtu anayeficha ushahidi. Nadhani ndivyo ilivyokuwa.

Hapo wakuu bado nilikuwa na nafasi. Kosa la beseni ni la ujinga, mtu anasamehewa. Ningefunga studio, nikatembea mitaa mitatu mpaka kwa Bi Rukia, nikamwambia bibi nimeharibu. Nilifika mpaka kwenye ngazi. Nikarudi.

Siku iliyofuata akaja mwenyewe na kibakuli cha kashata. "Nimemletea Daktari. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

Nikajibu, "Anaendelea vizuri bibi. Bado kidogo."

Uongo ukishatoka wa kwanza, wa pili haukuombi ruhusa. Nikamwambia nataka kuhakikisha rangi zisipotee, hebu anieleze alivyokuwa anamwona zamani macho yakiwa mazima. Yule bibi akafurahi! Akakaa kwenye kistuli, mikono mapajani, akanieleza kama anavyoeleza mtoto wake. Pua nyembamba. Nywele rangi ya majani makavu. Mashavu mekundu kama mtu aliyetoka juani. Nyusi moja imeshuka kidogo. Na mdomo, akasema, mdomo kama mtu anayetaka kucheka ila yupo msibani.

Mimi nilikuwa naandika.

Alipoondoka nikaingia kwenye mojawapo ya hizi app za akili mnemba. Nikaitajia kila alichosema. Ikanitolea maafisa, weee, mmoja ana vidole saba, mwingine kofia imeota sikioni. Nikachagua sura ya huyu, koti la yule, nikaunganisha, nikazeesha rangi. Kwa ufundi, sijisifu, ilikuwa kazi ya maana. Nikaiprinti kwenye kadi ileile ninayotengenezea vitambulisho vya wanafunzi. Nikaikata mviringo kwa mkasi, nikapiga tupa ya kucha kingo zote, nikaitia kwenye kasha, nikasafisha vioo, nikafunga.

Kile kibamba halisi nikakiviringisha kwenye tishu nikakiweka kwenye droo ya betri mbovu.

Alipokuja kuchukua, alimsogeza karibu na jicho mpaka pua ikagusa kioo. Kwa macho yale, nadhani alichokiona ni bluu, na kitu cheupe juu ya bluu. Akaanza kulia. "Mashallah. Moshi umetoka. Mwanangu, Mungu akuweke." Sikuchukua hata mia. Akaona ni ukarimu wangu, akanialika harusini.

Nilienda. Ningekataaje? Na kamera nikabeba.

Kabla Nuru hajatolewa, Bi Rukia akaniita mimi nisimame mlangoni pa ukumbi wa ndani. Akawaambia wale wanawake, "Huyu ndiye kamrudisha." Wakapiga vigelegele. Kwa ajili yangu, wakuu. Halafu pakatulia, akafungua kitambaa, akamwonyesha mjukuu wake kadi yangu ya kitambulisho.

"Huyu jina hatunalo. Uso tunao. Na wewe sasa unao."

Nuru akatazama sana, kwa adabu, kama anataka asisahau hata kimoja. Akasema, "Nimemwona."

Biriani sikuila. Nilisema tumbo linanisumbua.

Baada ya hapo ikawa nikiiona ile njia ya kwao napita mtaa mwingine. Mwezi ukaisha, miezi ikaisha. Nuru akahamia Buguruni kwa mumewe. Nikaanza kujiambia kwamba hakuna aliyeumia, bibi ana furaha, binti ana furaha, tatizo liko wapi? Mtu akitaka kujidanganya huwa hakosi hoja.

Halafu nikasikia kwa muuza mapazia wa chini kuwa kulikuwa na kambi ya macho hospitali fulani, Bi Rukia amefanyiwa upasuaji, sasa anaona mpaka namba za magari.

Nikaanza kumsubiri. Kila hatua ya mtu mzima kwenye ngazi, nageukia mlango.

Hakuja wiki ya kwanza, wala ya pili. Amekuja juzi. Hakupapasa ukuta. Alisimama mlangoni akanitazama usoni, nikagundua kumbe huyu bibi hajawahi kuniona sura.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Nilidhani u mzee zaidi."

Akaketi kwenye kistuli, akaweka kasha mezani.

Sitaki kuongeza chumvi, nawapa alivyosema. Alisema alipotolewa bandeji, kitu cha kwanza asubuhi alichofanya nyumbani ni kumweka dirishani. Mashavu hayakuwaka. Akajua jicho halijapona. Akarudi kwa daktari wa macho. Daktari akampima, akamwambia bibi, unaona vizuri. Akarudi nyumbani, akamweka tena dirishani. Giza. Akarudi kwa daktari mara ya pili, amekasirika, anamwambia hamkunitibu, kuna kitu nilikuwa nakiona tangu mtoto na sasa sikioni. Daktari wa watu akamwonyesha herufi za ukutani, akazisoma zote.

"Nikajilaumu mimi," akasema. "Nikasema uzee huu, umeacha macho umekula akili. Sura nimeisahau na mwanga wake nimeusahau. Jana ndiyo nikajiuliza, je, kama si mimi?"

Pembe ikiwa nyembamba mwanga unapita, wakuu. Kadi ya plastiki haipitishi. Ndiyo ile "mashavu yanawaka" niliyoipuuza.

Nikamweleza yote. Beseni, chai, mihogo, ubishi wa mpira, akili mnemba, kadi. Nikatoa ile tishu kwenye droo.

Akakishika kile kibamba kilichojikunja, akakielekeza dirishani. Mwanga ukapita. Ile mistari ya penseli ikaonekana, kidevu, bega, kile kifungo kimoja. Chini walikuwa wanapiga kipaza sauti cha mashuka, bei poa, bei poa.

"Ungenipa hiki," akasema.

Nikasema nisamehe bibi.

"Ningemwonyesha Nuru hiki. Ningemwambia alikuwa hapa, ameondoka, shika pembe yake, mimi nitakusimulia uso. Nilikuwa bado ninao kichwani. Wewe ukamtia mtu mwingine ndani ya nyumba yangu, mjukuu wangu akasema amemwona."

Hapo nikaona pa kujiokoa. Nikamwambia, bibi, namjua mchoraji mzuri sana, tukae naye. Wewe fumba macho, umweleze kila kitu taratibu, achore mpaka useme ndiye. Niko tayari kugharamia.

Akafumba macho. Palepale, kwenye kistuli, mikono mapajani, kama siku ile. Nilisubiri. Uso wake ukawa unakunjamana kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba.

Akafumbua. "Simwoni," akasema. "Nimemtazama huyu wako tangu nitoke hospitali, asubuhi na jioni, namlazimisha awake. Sasa kila nikifumba macho anakuja huyu."

Hakunilaani. Afadhali angenilaani. Alikifunga kile kibamba kwenye kitambaa, lile kasha na kadi akaniachia mezani. Mlangoni akageuka: "Nuru ana mimba ya miezi saba. Utamwambia wewe. Mimi siwezi kumwambia kuwa siku yake ya harusi nilimwonyesha kitambulisho."

Kesho baada ya swala ya Ijumaa naenda Buguruni. Nishampigia, anadhani naleta albamu ya harusi. Alinishukuru, akaniambia ile sura ya afisa anaikumbuka yote, akipata mtoto wa kike atamsimulia.

Sasa mafunzo, maana najua mnayataka. Vijana wa kazi za mikono, kitu usichokijua uliza, hata kama mtaa mzima unakuita Daktari. Na ukiharibu kitu cha mtu, mrudishie kikiwa kimeharibika. Kibaya chake mwenyewe atajua cha kukifanyia. Kizuri chako kitamwibia hata kile kilichobaki.

Wenye busara nisaidieni. Nuru nianze kumwambia nini? Matusi pia napokea, andikeni tu, ila msinifundishe kuhusu beseni, hilo nishalijua.

Kuna kitu kimoja sikumwambia Bi Rukia, nakiandika hapa. Usiku wa juzi nilijaribu mimi kumkumbuka. Si nilikuwa naye mkononi? Nilimtazama kwa taa ya mezani, na kioo cha kukuzia, macho yangu mazima kabisa. Mtu wa mwisho duniani kumwona vizuri ni mimi. Nimefumba macho, nimejaribu na kujaribu. Nayakumbuka madoa yote ya ukungu, moja moja, mpaka lile kubwa la juu ya jicho. Uso sikuutazama.